Jarida la Wasimamizi wa Karakana: Kisa cha Japani, 1962

Novemba 1961, jarida moja la udhibiti wa ubora nchini Japani lilitoa toleo maalumu kuhusu wasimamizi wa karakana. Kwa kawaida lilikuwa jarida la wahandisi, limejaa hesabu za takwimu. Safari hii wahariri waliwaita wasimamizi wenyewe wakae nao mezani na kuzungumza. Wasimamizi wakatoa ombi: tupeni chapisho letu, linaloeleweka na mtu wa karakana, la bei ambayo mtu anaweza kuimudu kutoka mfukoni mwake. Aprili 1962 walilipata. Liliitwa Gemba to QC, yaani "mahali pa kazi na udhibiti wa ubora". Lilitolewa na Umoja wa Wanasayansi na Wahandisi wa Japani, unaojulikana kwa kifupi kama JUSE, na aliyeongoza uhariri wake ni Kaoru Ishikawa, profesa wa Chuo Kikuu cha Tokyo.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu wengi wetu tunazijua mbinu za kuboresha kazi, kama Kaizen, au S tano (hatua tano za kupanga na kusafisha mahali pa kazi), au Six Sigma, kupitia kitabu chepesi cha biashara. Tunakisoma, kinatugusa, tunapiga mistari chini ya sentensi nzuri, na kazini mambo yanabaki yalivyokuwa. Hilo lilinipata. Nilikuwa msimamizi wa stoo ya vipuri Dar es Salaam. Kitabu changu cha kwanza nilikinunua kwa muuza vitabu vya mtumba, nikakimaliza kwa siku tatu. Jumatatu nikaja na karatasi za manila na maka pen, nikaandika S zote tano, nikazibandika ukutani na kuwatangazia wenzangu kwamba tumeanza. Wiki ya tatu manila zile zilikuwa zimefunikwa na maboksi ya bearing. Hakuna aliyenipinga. Wenzangu hawakuwa na la kusema juu ya jambo ambalo mimi peke yangu nilikuwa nimelisoma. Kwa muda mrefu nililaumu kitabu, kwamba ni chepesi mno. Kisa cha Japani ndicho kilichonitoa kwenye wazo hilo, maana maandishi waliyosoma wasimamizi wale nayo yalikuwa mepesi, tena kwa makusudi.

Turudi nyuma kidogo. Baada ya vita, simu za Japani zilikuwa zikikatika ovyo. Majeshi ya Marekani yaliyoikalia nchi yalizihitaji simu hizo kwa kazi zao, na mwaka 1946 yakaiagiza sekta ya mawasiliano ianze kutumia udhibiti wa ubora. Mwaka huohuo JUSE ikaanzishwa. Mbinu yenyewe ilizaliwa kwenye simu pia: Mei 1924, Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi Western Electric, kampuni iliyotengeneza vifaa vya simu Marekani, alimwandikia mkubwa wake waraka wa ukurasa mmoja hivi uliokuwa na mchoro wa chati ya kwanza ya udhibiti, yaani grafu inayoonyesha kama kazi inakwenda kawaida au imepotoka. Ukurasa mmoja tu. Nikisikia mtu anasema jambo zito haliwezi kuandikwa kwa ufupi, huukumbuka waraka huo.

Mwaka 1950 JUSE ilimwalika mtakwimu W. Edwards Deming kutoka Marekani. Alifundisha wahandisi kwa siku nane, na pia akakutana na wakuu wa makampuni. Mafundisho yake yakachapwa na kuuzwa, naye akakataa kuchukua malipo ya mauzo hayo. JUSE ikaitumia fedha hiyo kuanzisha Tuzo ya Deming, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1951 na inaendelea kutolewa hadi leo. Mwaka 1954 akaja Joseph Juran, mtaalamu mwingine wa ubora kutoka Marekani, ambaye aliwafundisha zaidi mameneja: ubora si kazi ya wakaguzi peke yao, unapangwa kuanzia juu.

Hivyo katikati ya miaka ya hamsini mkurugenzi alikuwa amefundishwa, na mhandisi alikuwa amefundishwa. Aliyebaki ni yule anayesimama na wafanyakazi mbele ya mashine tangu asubuhi hadi jioni, anayejua mashine ipi ina homa na nani kati ya vijana wake hakulala usiku. Mwaka 1956 wakajaribu kumfikia kwa redio: kozi ya udhibiti wa ubora kwa wasimamizi ikarushwa kwenye masafa mafupi. Sisi tuliolelewa na redio tunaelewa nguvu ya jambo hilo, na upungufu wake pia. Redio ikishazungumza imepita. Ukurasa unaweza kurudiwa, ukakunjwa, ukawekwa mfukoni mwa ovaroli.

Waanzilishi wa jarida walijiwekea misimamo mitatu, na hapa ndipo ninapotaka tukae.

Wa kwanza ulihusu lugha: kila makala ieleweke kwa msimamizi wa kawaida. Wa pili ulihusu bei: iwe ndogo kiasi kwamba msimamizi na mfanyakazi wajilipie wenyewe. Wengi wanaoisimulia habari hii hulitaja la bei kama jambo la huruma. Mimi naliona kwa jicho jingine. Jarida likinunuliwa na kampuni huishia kwenye kabati la meneja. Ukilinunua mwenyewe ni lako, na utalidai faida.

Wa tatu ndio uliobeba kisa chote. Ishikawa na wenzake walijua kwamba wasimamizi wengi hawakuwa na desturi ya kusoma vitabu, na kwamba anayeanza peke yake hukoma haraka. Kwa hiyo walishauri kwamba katika kila karakana msimamizi aunde kikundi kidogo na watu wake, kikundi kiitwe duara la ubora, na jarida liwe ndilo kitabu chao cha kujifunzia. Wasome kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, wajadili, kisha walichokisoma wakijaribu palepale kwenye kazi yao. Vikundi hivi, ambavyo baadaye vilisifiwa dunia nzima na kuandikiwa vitabu vinene, vilianza kama vikundi vya kusomea jarida. Njia ya kumfanya mtu aliyechoka na zamu aendelee kufungua kurasa ndiyo iliyogeuka kuwa mbinu ya kuboresha kazi.

Waliongeza jambo moja dogo lenye akili nyingi. Kikundi kilichoundwa kilijiandikisha JUSE. Cha kwanza kuandikishwa, Mei 1962, kilitoka Matsuyama, mji wa kisiwa cha Shikoku, kwenye shirika la umma la simu na telegrafu. Mwezi mmoja tu baada ya toleo la kwanza, na ni watu wa simu tena. Kikundi chenye jina na namba kinaona haya kufa kimyakimya. Wanachama wanajua kwamba mahali fulani wameandikwa. Mwaka uliofuata kukafanyika mkutano wa kwanza wa vikundi hivyo, mjini Sendai, ambako wafanyakazi wenyewe walisimama kueleza walichofanya.

Sasa, walisoma nini hasa? Kiini chake ni zana chache za takwimu ambazo Ishikawa alizikusanya na ambazo baadaye zilijulikana kama zana saba: karatasi ya tiki, chati ya Pareto, mchoro wa sababu na matokeo, histogramu (nguzo zinazoonyesha kila kipimo kimejirudia mara ngapi), mchoro wa mtawanyiko (nukta zinazoonyesha kama vitu viwili vinaendana), chati ya udhibiti, na kuzigawa takwimu kwa makundi. Ishikawa alishikilia kwamba asilimia 95 ya matatizo ndani ya kampuni yanaweza kutatuliwa kwa zana hizi. Ukiiweka kando chati ya udhibiti, nyingi hazidai zaidi ya kuhesabu, kujumlisha na kuchora mstari ulionyooka.

Ili ionekane zinavyofanya kazi, nitatoka Japani kwa aya chache. Chukulia kiwanda kidogo cha mikate, tuseme Buguruni. Wenye maduka wanarudisha mikate. Kila mtu ana jibu lake tayari: mwokaji anasema unga wa siku hizi si unga, dereva anasema mwokaji ana haraka, mwenye kiwanda anasema vijana wote hawana umakini. Ukiitisha kikao hapo, atakayeshinda ni mwenye sauti kubwa.

Karatasi ya tiki inauzima ubishi huo. Unachora safu: umeungua chini, haukuumuka, umebonyea, haujaiva ndani, mfuko umepasuka. Pembeni unaandika siku. Kila mkate unaorudishwa unapata kijistari kimoja, cha tano kinakatiza vinne. Anayepiga vijistari ni yule anayeipokea mikate. Baada ya wiki mbili tuseme vijistari ni 120, na 70 viko kwenye safu ya "umebonyea". Ukizipanga safu kuanzia yenye vingi hadi yenye vichache, umeshachora Pareto, jina ambalo Juran alilichukua kutoka kwa mchumi wa Kiitalia Vilfredo Pareto. Unga umeponea hapo. Kesi si yake.

Kisha zigawe zile 70. Kwa zamu, kwa gari, kwa rafu, kwa safari. Ikionekana nyingi zinatoka kwenye safari ya kwanza ya alfajiri, unachora mfupa wa samaki, yaani ule mchoro wa sababu na matokeo, ambao Ishikawa alianza kuutumia mwaka 1943 akiwaeleza wahandisi wa Kawasaki jinsi sababu nyingi zinavyoungana kuleta tokeo moja. Aliyewahi kula changu akabakisha mifupa kwenye sahani anaujua umbo lake: kichwani unaandika "mkate umebonyea", kwenye miiba mikubwa unaandika watu, mashine, malighafi, njia ya kazi, na kila mwiba unauwekea miiba yake midogo kwa kuuliza kwa nini. Kwa nini mkate umebonyea? Umepangwa kwenye kreti ukiwa bado moto. Kwa nini? Gari linaondoka saa 11 alfajiri na mkate umetoka tanurini saa 10 na nusu. Kwa nini umechelewa hivyo? Unga ulikandwa kwa kuchelewa. Kwa nini? Ufunguo wa stoo anao mtu mmoja, na hufika saa 8 usiku akipata usafiri.

Mwokaji aliyekuwa anashutumiwa kwa haraka hana uwezo wa kukata ufunguo wa pili. Mwenye kiwanda ndiye anao. Karatasi iliyoanza na mikate ya watu wa chini imefika kwenye meza ya mkubwa.

Hapo ndipo vitabu vyetu vingi vya utangulizi vinapopita haraka. Deming na Juran wote wawili walisisitiza kwamba sehemu kubwa ya kasoro inatokana na mfumo ambao ni wakubwa tu wenye mamlaka ya kuubadili. Kikundi cha ubora kikifanya kazi yake vizuri, siku moja kitapanda ngazi na kugonga mlango wa ofisi. Japani, ndani ya ofisi ile alikuwamo mtu aliyekaa darasani kwa Deming mwaka 1950, au kwa Juran mwaka 1954, au aliyefundishwa na waliokaa pale. Alijua Pareto ni nini. Akiletewa mfupa wa samaki hakudhani anatukanwa.

Pima hilo na yaliyotokea Marekani. Mwaka 1973 ujumbe kutoka Lockheed, kampuni ya Marekani ya ndege na makombora, ulikwenda Japani kuvitazama vikundi hivi, na mwaka 1974 Lockheed ikavianzisha kwenye kiwanda chake cha makombora na vyombo vya anga, California. Mwanzo ulitia moyo, habari zikaenea, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya themanini makampuni mengi ya Marekani yalikuwa na vikundi vya ubora, miongozo na wakufunzi wa kuvisimamia. Kabla ya muongo kwisha vingi vilikuwa vimekufa. Sababu zilitofautiana, lakini moja inajirudia: mapendekezo yalipanda ngazi yakakutana na mameneja wa kati ambao hawakuhusishwa, walioyaona kama kuingiliwa, na yakakaa hapo. Walichukua vikundi, wakaiacha miaka 12 ya kuwafundisha wakubwa iliyovitangulia.

Nikiitazama stoo yangu kwa kipimo hicho, naona nilikosea mara mbili. Nilisoma peke yangu jambo lililotakiwa kusomwa na watu wanne. Kisha nikabandika majibu kabla hatujawa na swali. S tano ni jibu zuri kwa mahali ambapo watu wamekubaliana kwamba kutafuta kitu kwa nusu saa ni tatizo. Stoo yangu haikuwa imekubaliana hivyo. Kwa wenzangu, kujua kwa kichwa kila kipuri kilipo ilikuwa ndiyo fahari yao, na mimi nilikuja kuiondoa kwa lebo bila hata kuwauliza.

Kwenye lugha, Tanzania ina mfano ninaoupenda sana. Kuanzia mwaka 2007 Wizara ya Afya, kwa ushirikiano na shirika la maendeleo la Japani, JICA, ilianza kuingiza S tano na Kaizen kwenye hospitali, na Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikiwa mahali pa majaribio. Mfano wa kuigwa ulikuwa hospitali ya wanawake ya Castle Street, Colombo, Sri Lanka. Maneno ya Kijapani ni seiri, seiton, seiso, seiketsu, shitsuke. Kwa Kiswahili yakawa sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Aliyeyatafuta maneno hayo alilinda S zote tano ili mtu aweze kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na alimpa mhudumu wa wodi maneno ya kutumia na mwenzake bila kusubiri mkalimani. "Seti" mtu anaweza kuibishia, lakini kila aliyewahi kuseti saa au meza anaielewa. Uamuzi huo ni ndugu wa ule wa 1962: andika kwa ajili ya anayeshika kazi kwa mikono yake.

Kuna upande wa kisa hiki ambao ningependa sana usingekuwapo, ila kuuficha ni kumdanganya msomaji. Vikundi viliitwa vya hiari. Wafanyakazi wa Japani walikutana mara nyingi baada ya saa za kazi, na hiari inayopimwa na mkubwa wako wakati wa kupandishwa cheo si hiari kamili. Februari 2002 mfanyakazi wa miaka 30 wa kiwanda cha Toyota cha Tsutsumi, mkoani Aichi, alianguka na kufa akiwa kazini usiku. Mjane wake alikwenda mahakamani. Novemba 2007 Mahakama ya Wilaya ya Nagoya iliamua kwamba kifo kilitokana na kazi kupita kiasi, na katika kuhesabu saa zake za ziada, zilizozidi 100 katika mwezi wa mwisho, ilizijumuisha shughuli za kikundi cha ubora ambazo zilikuwa zikihesabiwa kama za hiari. Mwaka 2008 Toyota ikatangaza kwamba muda wa vikundi hivyo utalipwa wote kama muda wa ziada. Ilichukua miaka 46 tangu toleo la kwanza la jarida.

Nilipokuwa tayari kujaribu tena, nilianza na saa. Nilikwenda kwa meneja na ombi moja, nusu saa kila Jumatano ndani ya zamu, si baada yake. Alikubali kwa mwezi mmoja. Kitabu kilikuwa kilekile cha mtumba. Tulikuwa wanne, na kwa kuwa kilikuwa cha Kiingereza, kila mmoja alipewa kurasa mbili za kuwaeleza wenzake kwa Kiswahili, awe amezielewa zote au sehemu tu. Mzee wetu wa stoo, tuliyemwita Babu kwa heshima, alisema hasomi Kiingereza, lakini atasikiliza na atauliza. Maswali yake ndiyo yaliyotufundisha kuliko kurasa. Jumatano ya pili aliuliza kwa nini tunazungumzia kupanga rafu wakati fundi anayekuja dirishani anaondoka bila kipuri hata kikiwa kwenye rafu.

Hatukuwa na jibu, ndipo tukachora karatasi ya tiki ya kwanza na kuining'iniza dirishani kwa kamba. Kila fundi aliyeondoka mikono mitupu alipata kijistari. Nilitarajia vijistari vijae kwenye "hatukukiona". Vilijaa kwenye "fomu haijasainiwa". Mtia saini alikuwa ghorofa ya pili, na mara nyingi hakuwapo ofisini.

Babu aliitazama karatasi ile kwa muda, akasema, "Basi mwanangu, hii karatasi tutaipeleka juu sote wanne." Tukaenda siku ileile, yeye mbele.